Kabla hujanunua antivairasi: jibu kwa Mwalimu wa Morogoro

SWALI: Habari za kazi, kaka. Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko Morogoro. Nina laptopu ya mtumba iliyotoka Dubai, ina Windows 10, na tunaitumia nyumbani mimi, mume wangu na watoto wetu wawili. Flashi ninayopelekea mitihani steshenari kwa ajili ya kuprinti imegeuza folda zangu zote kuwa "shortcut". Pembeni ya skrini kila mara kinachomoza kidirisha kinachosema nina virusi vitano na nilipie ulinzi. Wiki iliyopita akaunti ya Facebook ya mume wangu imeanza kuwatumia watu matangazo ya mikopo ambayo hakuyaandika. Fundi wa mtaani anataka anipigie Windows upya na aniuzie antivairasi. Je, ninunue ipi? Na nitajuaje kama kuna mtu anatupeleleza humo ndani?

JIBU: Mwalimu, usilipe bado. Uliyoyaeleza ni mambo matatu yaliyokutana kwenye mashine moja, na kila moja limeingia kwa njia yake. Ukinunua antivairasi leo halafu njia zile zikabaki wazi, baada ya miezi michache utaniandikia tena swali hili hili.

Nianze na kidirisha cha pembeni, maana ndicho chepesi. Karibu kila mara hicho si kirusi, ni arifa ya tovuti. Kuna siku mtu hapo nyumbani, yaelekea akitafuta muvi au mpira wa bure, alifika kwenye ukurasa uliomwambia abofye "Allow" ili kuthibitisha kwamba yeye si roboti. Akabofya. Tangu hapo tovuti ile ina ruhusa ya kutuma ujumbe kwenye skrini yenu hata kama hamjaifungua, nayo inaitumia ruhusa hiyo kuwatisha, tena kwa nembo ya kampuni ya antivairasi inayojulikana ili muamini. Tovuti haina uwezo wa kuingia kwenye diski yako na kuhesabu virusi, kwa hiyo hiyo tano ni namba ya kubuni. Fungua Chrome, ingia Settings, kisha Privacy and security, kisha Site settings, kisha Notifications. Utakuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Ondoa zote, hata zile unazodhani unazijua, halafu chagua tovuti zisiruhusiwe tena kuomba. Ukimaliza pitia viendelezi vya kivinjari, yaani programu ndogo zilizoongezwa ndani ya Chrome (Extensions), na ufute chochote ambacho hakuna mtu nyumbani anayeweza kueleza kilifikaje. Na kama kuna mtu ameshawahi kubofya kidirisha hicho akaingiza namba ya kadi, piga simu benki leo ifungwe.

Sasa flashi. Kwa sisi huku, flashi ya steshenari ndiyo barabara kuu ya virusi, na inafaa ujue inavyofanya kazi, kwa sababu ukishaijua huwezi kunaswa nayo mara ya pili. Zamani kirusi cha flashi hakikuhitaji ubofye faili lake. Windows ilikuwa ikikuta faili liitwalo autorun.inf kwenye flashi, inalisoma na kufuata kilichoandikwa humo pale flashi inapochomekwa au kufunguliwa. Kirusi Conficker, kilichoonekana mara ya kwanza Novemba 2008, kilikuja kutumia njia hiyo pamoja na tundu la usalama la Windows lililofikiwa kupitia mtandao, kikaingia kwenye mamilioni ya kompyuta duniani. Microsoft wakaizima tabia hiyo kwa flashi katika Windows 7, na Februari 2011 wakaizima pia katika Windows XP na Vista kwa njia ya masasisho. Basi waandishi wa virusi wakabaki hasa na njia moja, nayo ni kumfanya mwenye flashi abofye mwenyewe.

Ndipo ikaja shortcut. Kompyuta ya steshenari ikiwa na kirusi, ukichomeka flashi tu, kirusi kinaficha folda zako halisi kwa kuzipa alama ya mafaili ya mfumo, kisha mahali pa kila folda kinaweka kitu chenye jina lile lile na picha ile ile. Itazame kwa karibu folda yako ya "Mtihani Form Two": kwenye kona ya chini kushoto ya picha yake kuna kimshale kidogo, na ukubwa wake ni kilobaiti moja au mbili badala ya kuwa folda. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, usome mstari wa Target. Badala ya njia ya folda utakuta cmd.exe au wscript.exe ikifuatwa na jina la faili usilolijua. Ukibofya mara mbili inafanya mambo mawili: inaendesha skripti (faili la amri) iliyofichwa, halafu inakufungulia folda yako ya kweli. Wewe unaona kazi zako ziko salama, unaendelea kusahihisha mtihani, kumbe kirusi kimeshahamia kwenye laptopu na kuanzia hapo kinaiandika upya kila flashi itakayochomekwa.

Mafaili yako hayajapotea, na usikubali mtu akuambie yamepotea. Lakini isafishe kompyuta kwanza, kwa namna nitakayoieleza chini, flashi baadaye, la sivyo unateka maji kwa pakacha. Kompyuta ikiwa safi, chomeka flashi bila kubofya folda yoyote. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika cmd na ufungue Command Prompt. Kama flashi inaonekana kwa herufi F, andika mstari huu kisha bonyeza Enter:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Subiri hadi mstari urudi. Folda zako halisi zitajitokeza kando ya zile za bandia. Futa zote zenye kimshale, futa na faili lolote linaloishia na .vbs, .js au .exe ambalo hukuliweka wewe, kisha nakili kazi zako kwenye kompyuta na uifomati flashi, yaani uifute yote.

Halafu badilisha namna ya kwenda steshenari. Mtihani ugeuze kuwa PDF na uutume kwa barua pepe ya steshenari ukiwa umesimama pale pale dukani, kisha usimame hadi waufute. Nasema hivi kwa sababu ya virusi na pia kwa sababu ya mtihani wenyewe: nimeona kompyuta nyingi za steshenari ambazo folda ya Downloads ina kazi za watu za miezi na miezi, na mwanafunzi wa Form Two naye huenda pale pale kuprinti picha. Ikilazimu kutumia flashi, iwe flashi ndogo ya kazi hiyo tu, yenye faili moja la kuprinti, na ukirudi nyumbani uifomati kabla ya kuitumia kwa jambo jingine. Flashi yenye picha za familia na mitihani ya miaka mitano haina sababu ya kutoka nyumbani. Watoto nao wakienda kuwekewa muvi, sheria ni hiyo hiyo.

Jambo la tatu, la akaunti ya mume wako, ndilo linalonisumbua zaidi, na njia lililoingilia hukuiuliza. Laptopu yako ni ya mtumba, kwa hiyo yaelekea Windows iliwekwa na mtu dukani, na Word inafanya kazi bila wewe kuilipia. Karibu nina hakika kuna programu ya kuchakachua leseni humo ndani, yaani ya kuifanya Windows au Word ionekane imelipiwa. Unaweza kujua mwenyewe. Fungua tena Command Prompt, andika slmgr /dli na ubonyeze Enter. Kitatokea kidirisha kidogo. Ukisoma maneno VOLUME_KMSCLIENT kwenye laptopu ya nyumbani, karibu hakika imechakachuliwa.

KMS ni njia halali ya makampuni makubwa na vyuo: badala ya kila kompyuta kuwa na leseni yake, zinaripoti kwa seva moja ya ofisi, nayo inazithibitisha kwa siku 180 kabla hazijatakiwa kuripoti tena. Programu ya kuchakachua inajifanya kuwa seva hiyo ndani ya laptopu yako. Kwa kuwa uthibitisho una mwisho, haiwezi kufanya kazi mara moja ikaondoka. Mara nyingi inabaki humo, inajiamsha kila baada ya muda, na ina mamlaka yote ya msimamizi wa kompyuta. Hata kama aliyeiandika hakuwa na nia mbaya, wewe huijui nakala aliyoipakua fundi ilipitia mikono ya nani. Na ili iingie, sharti la kwanza ni kuzima ulinzi wa Windows. Angalia: fungua Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, shuka chini hadi Exclusions. Hiyo ni orodha ya mahali ambapo ulinzi umeamriwa usiangalie. Kwenye laptopu ya nyumbani inatakiwa iwe tupu. Ukikuta folda usiyoijua, au ukakuta diski C yote imeandikwa hapo, basi muda wote huu Windows Security imekuwa kama mlinzi wa getini aliyelipwa ageuke upande wa pili.

Mwizi anayeingia kwa njia hii anataka nini kwa mwalimu wa Morogoro? Anataka akaunti. Kuna kundi la programu za ujasusi ambazo kazi yake ni dakika chache tu: zinakusanya maneno ya siri yote yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, pamoja na vidakuzi, vile vipande vidogo vinavyoifanya Facebook ikukumbuke bila kukuuliza neno la siri kila siku. Zikishatuma mzigo huo kwa mwizi, nyingine hujifuta. Mojawapo, RedLine, iliuzwa kwa wahalifu kama bidhaa ya kawaida hadi polisi wa Uholanzi wakishirikiana na nchi nyingine walipozikamata seva zake Oktoba 2024. Nyingine, Lumma, Microsoft na vyombo vya sheria waliivuruga Mei 2025. Programu hizi husambazwa sana kwa kufichwa ndani ya programu na magemu yaliyochakachuliwa. Akaunti ya mume wako, kwa jinsi ulivyoeleza, ina dalili zote za kuibiwa kidakuzi. Aliyenacho anaingia moja kwa moja, hahitaji neno la siri, na mara nyingi haulizwi hata ile namba inayotumwa kwenye simu, kwa sababu Facebook inadhani ni mume wako aliyekuwa ameshaingia.

Kuna na lililo baya zaidi. Tangu mwaka 2018 kirusi kiitwacho STOP, au Djvu kwa jina lake jingine, kimekuwa kikifunga mafaili ya watu wa majumbani kwa ufunguo wa siri na kudai dola 980, au 490 ukilipa ndani ya saa 72. Hiki hakikulenga mabenki. Njia yake kubwa imekuwa hizo hizo programu za kuchakachua, na mara nyingi kimekuja kimefuatana na programu ya kuiba maneno ya siri, hivyo mtu anaibiwa akaunti na kufungiwa picha kwa mpigo mmoja. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa bure chombo cha kufungulia matoleo 148 ya kirusi hicho. Matoleo yaliyofuata yamekuwa magumu, na ambaye ufunguo wake ulitengenezwa kwenye seva ya mhalifu kwa kawaida hana njia ya kufungua. Watu huniletea diski zenye picha za harusi na za wazazi waliokwisha kufariki, kila faili likiwa na mkia wa herufi nne lisilofunguka, na wengi wao nawarudishia kama zilivyokuja. Ndiyo maana siwezi kulichukulia hili la leseni kama jambo la kawaida kwa sababu tu kila mtu anafanya.

Hapo utaniambia leseni ni ghali. Ni kweli. Lakini inawezekana kabisa unayo tayari. Laptopu nyingi zilizotengenezwa kuanzia enzi za Windows 8 zimebeba ufunguo wa Windows ndani ya ubao mkuu wa mashine yenyewe (motherboard). Ukiweka Windows safi ya aina ile ile iliyokuja nayo kiwandani, Home kwa Home au Pro kwa Pro, ikishika intaneti inajithibitisha yenyewe bila kuulizwa chochote. Mafundi wengi huweka Pro iliyochakachuliwa juu ya mashine iliyokuwa na leseni halali ya Home, kwa mazoea tu. Kwa Word na Excel, LibreOffice ni bure, inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word, na kwa mitihani, barua na jedwali la alama inatosha sana. Word ya mtandaoni nayo ni bure ukiwa na akaunti ya Microsoft.

Kwa hiyo fundi wako ana haki upande mmoja. Katika hali uliyonayo, Windows ipigwe upya kweli. Mashine ambayo imeshaendesha programu ya kuiba akaunti siwezi kukuhakikishia kuwa ni safi kwa kuipitisha antivairasi tu. Ninachokataa ni flashi yake yenye Windows aliyoitengeneza mwenyewe. Windows itoke kwa Microsoft: kwenye tovuti yao kuna chombo kiitwacho Media Creation Tool, ni bure, kinahitaji flashi tupu ya GB 8 na bando la kutosha. Kitumike kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, si kwenye hiyo laptopu yako. Kabla ya hapo nakili nyaraka na picha zenu kwenye diski ya nje. Programu na magemu usinakili hata moja. Wakati wa kuweka Windows, mgawanyo wote wa diski ufutwe, asiiweke juu ya ile iliyopo.

Wakati laptopu iko kwa fundi, au hata leo usiku, tumia simu kushughulikia akaunti, na usitumie hiyo laptopu kabisa kwa kazi hiyo. Anzeni na barua pepe, maana aliye na barua pepe yako anaweza kuomba neno jipya la siri la kila kitu kingine. Badilisha neno la siri, kisha tafuta sehemu inayoonyesha vifaa vilivyoingia na uviondoe vyote. Hatua hii ya pili wengi huiruka, na ndiyo inayokiua kile kidakuzi kilichoibiwa. Mkibadilisha neno la siri bila kuwatoa walioingia, kuna akaunti ambazo mwizi ataendelea kukaa humo. Baada ya barua pepe fuateni Facebook ya mume wako, kisha Instagram na nyinginezo. Washeni uthibitisho wa hatua mbili kila mahali unapopatikana. Kwenye WhatsApp fungueni vifaa vilivyounganishwa na kutoa kila kompyuta msiyoitambua. Na mume wako aandike tangazo fupi kwa marafiki zake kwamba ile mikopo si yake, mapema, kabla hajatapeliwa mtu anayemwamini.

Sasa swali lako lenyewe: antivairasi ipi? Kwa nyumba yenu, ile ambayo tayari iko ndani ya Windows. Microsoft Defender, ile inayoonekana ndani ya Windows Security, inakuja na Windows tangu toleo la 8, haina malipo wala haiishi muda, na maabara ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, imekuwa ikiipa alama za juu kwa miaka kadhaa sasa sambamba na zile za kulipia. Za kulipia zipo nzuri, sizikatai. Zinaongeza vitu kama usimamizi wa simu za watoto. Lakini fedha hiyo kwa hali yako ina kazi bora zaidi, ambayo ni diski ya nje. Nimekuta kompyuta nyingi zilizo hatarini kwa sababu ya antivairasi ya majaribio iliyoisha muda: ilipowekwa, Defender ikajizima kuipisha, na ilipokoma mwenye mashine akabaki anafuta tu ujumbe wa kumtaka alipie huku orodha ya virusi ikiwa ya zamani. Kama hamtalipia, iondoeni kabisa, Defender itaamka. Wala msiweke mbili zinazolinda kwa pamoja. Zinagombana na mashine inakuwa nzito. Ukitaka jicho la pili mara moja moja, Malwarebytes ya bure au ESET Online Scanner hupekua kisha hukaa pembeni.

Ndani ya Defender kuna vitu viwili ambavyo watu hawavijui. Cha kwanza ni upekuzi wa nje ya Windows, uitwao offline scan, chini ya Scan options. Upekuzi huo wenyewe huizima kompyuta na kuiwasha katika mazingira madogo ambamo kirusi hakijapata nafasi ya kuamka na kujificha, hupekua kwa kama robo saa kisha kompyuta inarudi. Huo ndio wa kutumia ukishuku flashi imekuambukiza. Cha pili ni Controlled folder access, chini ya Ransomware protection, ambacho kinazuia programu isiyojulikana kuandika kwenye folda zako za nyaraka na picha. Kwa kawaida kimezimwa. Kiwashe. Kitakusumbua mara chache kwa kuizuia programu halali, nawe utairuhusu, basi.

Kuhusu masasisho najua kilio ni bando. Lakini sikiliza yaliyotokea mwaka 2017. Tarehe 14 Machi Microsoft walitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu la usalama, kwa tundu kubwa la Windows. Tarehe 12 Mei kirusi WannaCry kikapita kwenye tundu hilo hilo, kikafika nchi zipatazo 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza. Miezi miwili kiraka kilikuwepo, bure. Viraka vya Windows hutoka kila Jumanne ya pili ya mwezi, ambayo kwetu ni Jumanne usiku au Jumatano. Kwa hiyo jipangie: mara moja kwa mwezi, wiki hiyo, nunua bando la usiku au nenda na laptopu penye Wi-Fi unayoiamini, sasisha, maliza. Usiwashe ile njia ya kuzima masasisho milele ambayo mafundi huwawekea watu kama hisani.

Na Windows 10 yenyewe imefika mwisho. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 haipati viraka vya kawaida. Kwa watumiaji wa nyumbani kuna mpango wa nyongeza hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ambao unaupata kwa dola 30 au bila malipo ukikubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta kwenye akaunti yako ya Microsoft. Kwa kuwa unapiga upya, muulize fundi kama mashine inakubali Windows 11: inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Ikikubali, weka 11. Ikikataa, ingia kwenye mpango huo wa nyongeza, au uweke Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambao ni bure na haina shida kubwa kwa mtu anayetumia kivinjari na LibreOffice. Usikubali 11 iliyolazimishwa kwenye mashine isiyoikubali. Microsoft hawahakikishi kuwa itaendelea kupata masasisho.

Watoto watengenezee akaunti zao wenyewe za kawaida, zisizo za msimamizi, na neno la siri la msimamizi walijue wewe na baba yao tu. Hapo gemu lililochakachuliwa likitaka kujipachika ndani ya Windows, litakwama kwa kuomba neno ambalo mtoto hana. Waonyeshe mambo mawili. Kwanza, kwenye File Explorer, sehemu ya View, weka alama kwenye File name extensions ili herufi za mwisho za jina la faili zionekane. Windows huzificha, na wahalifu wameitumia tabia hiyo tangu tarehe 4 Mei 2000, pale kirusi ILOVEYOU kilipotoka Ufilipino kikiwa kwenye faili LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, watu waliona barua, kumbe ni skripti. Leo ni "matokeo.pdf.exe". Faili linaloishia na .exe si matokeo ya mtihani wala si muvi.

Pili ni utapeli ulioenea tangu mwaka 2024. Ukurasa unasema, ili kuthibitisha wewe ni binadamu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Ukurasa umeshaweka kwenye kumbukumbu amri ambayo mtoto hajaisoma, na kwa vitufe hivyo vitatu anaiingiza kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna tovuti ya kweli inayodai hivyo. Nami nimekuandikia amri mbili humu, kwa hiyo nikueleze tofauti: ziandike herufi kwa herufi ukiziona, na usizinakili popote ukazibandika bila kuzisoma.

Umeuliza utajuaje kama kuna anayewapeleleza. Programu za kumwangalia mtu kwa kamera na kurekodi anachoandika zipo. NjRAT, mojawapo ya zilizoenea sana, hujisambaza hata kwa flashi. Taa ya kamera kuwaka wakati hakuna anayeitumia ni dalili, lakini kutowaka si uthibitisho wa usalama. Kwa kuwa mashine inafutwa yote, hutahitaji kuitafuta. Bandika kipande cha karatasi juu ya kamera ikiwa inakupa amani. Kama aliyeiweka ni mtu anayeishi humo ndani, hilo hakuna programu itakayolizuia zaidi ya neno la siri ambalo yeye halijui.

Diski ya nje niliyoitaja, inunue kabla ya kitu kingine chochote. Nakili humo nyaraka na picha kila mwisho wa mwezi, halafu uichomoe. Ikikaa imechomekwa, kirusi cha kufunga mafaili kitaifunga nayo. Mitihani na alama za wanafunzi ziweke pia Google Drive, ambako una GB 15 za bure. Nyaraka hazifiki hata robo yake.

Fundi akikurudishia laptopu, kaa naye dakika tano kabla ya kumlipa. Andika slmgr /dli: usione neno VOLUME_KMSCLIENT. Fungua Exclusions: iwe tupu. Fungua Windows Update: isiwe imezimwa. Akikuambia Windows ya bila kuchakachua haiwezi kuthibitika kwenye mashine yako, muulize aliijaribu toleo gani, Home au Pro, na mwambie ajaribu lile lingine ukiwa umekaa hapo.